Siafu, Fahali na Kiyoyozi

Jumatatu, 3 Machi

Joto. Jasho limedondokea kibodi tena, herufi M imegoma. Meza yangu iko chini ya bati, dirisha linatazama jua linakozama, na kila alasiri mwanga unanipiga usoni mpaka sioni ninachoandika. Ofisi nzima ina kiyoyozi kimoja tu. Kiko chumba cha seva. Kinampepea Babu.

Babu ndiye seva yetu. Chuma kikubwa, kizee, kelele kama mashine ya kusaga. Ndani yake mna tovuti za shule, kumbukumbu za zahanati, mambo ya vyama vya ushirika, na vitu vya kila mtu anayetulipa tumtunzie. Anakula umeme kama amefunguliwa leo. Umeme ukikatika, betri zinamhimili kitambo kidogo, kisha anazima puu, na simu za wateja zinaanza kulia. Wanatutukana kwa adabu, lakini wanatutukana.

Leo Mkurugenzi ametuita. Amesema Babu anastaafu. Muuzaji mmoja ametuazima seva mbili ndogo, zote za ARM, ukoo ule ule wa prosesa zilizomo kwenye simu zetu za mkononi. Umeme zinaunywa kwa kijiko. Amesema tuzilinganishe wiki hii, mimi nishike moja, shemeji ashike nyingine, na Ijumaa atachagua. Ambaye mashine yake itachaguliwa atakuwa Msimamizi wa Chumba cha Seva. Ufunguo wake, meza yake mle ndani.

Mle ndani! Kwenye kiyoyozi!

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, nikamsifia mpaka nikakaukiwa mate. Anakaa mapokezi, anahudumia wateja, na wateja wanampenda. Sasa anakikodolea macho kiti changu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na nimeshaanza kupanga.

Jumanne, 4 Machi

Mashine zimetolewa kwenye maboksi. Kila moja haizidi boksi la viatu. Shemeji kawahi kuchagua, nilikuwa natafuta mkasi. Amechukua yenye viini vichache lakini vikubwa. Viini ni vile vibongo vinavyofanya kazi ndani ya prosesa. Yeye kaibatiza Fahali. Yangu ina viini vidogo, tele, havihesabiki. Nimeibatiza Siafu. Nikamwambia shemeji kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Akanijibu kwamba wapishi wengi huharibu mchuzi. Tukacheka, mimi kwa meno tu.

Jioni nimemweleza mke wangu ili anione mtaalamu. Nikamwambia achukulie prosesa ni jiko na viini ni wapishi. Siafu ana wapishi wengi, wapole, kila mmoja anafuata maagizo kwa mstari. Akiambiwa achemshe maji kisha akate vitunguu, atasimama kuyatazama maji mpaka yachemke. Fahali ana wapishi wachache, lakini wakati maji yako motoni wanakata vitunguu, wanaosha vyombo, na wanakisia mgeni ataomba nini kabla hajaomba. Mke wangu akauliza ni nani mwenye akili timamu anayesimama kuyatazama maji. Kisha akajijibu kwamba anamjua, amezaa naye.

Nilikuwa nimesimama jikoni nasubiri chai ichemke.

Lakini kuna jambo hakuliona. Mpishi mwerevu anakula sana! Kukisia, kukimbia huku na huku, yote hayo ni umeme. Wapishi wangu wanakula makombo na hawalalamiki. Hapo ndipo nitakapomkamatia shemeji. Nimekunywa chai yangu kwa raha.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi mapema nimefanya jaribio la siri kabla shemeji hajafika. Nimezipa mashine zote mbili hesabu za ile ripoti nzito ya zahanati ya mwisho wa mwezi, kwa programu ya majaribio zilizokuja nayo. Fahali kamaliza kabla sijavuta kiti. Siafu, je? Nikaenda kunywa maji, nikarudi. Nikashuka kumsalimia fundi cherehani wa chini, tukazungumza habari za watoto wake wote, nikarudi. Bado! Kumbe kazi ile haigawanyiki. Kiini kimoja kinahenya peke yake, wenzake wote wamekaa kama wageni harusini, wanatazama.

Moyo umenishuka. Nimeiona meza yangu ya chini ya bati, mimi na lile jua, mpaka nywele ziote mvi. Na shemeji mle ndani, kwenye baridi, amekunja nne.

Ila penye nia pana njia. Kuweka programu kwenye mashine zote ni kazi yangu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa kazini. Na programu zetu zote ziliandaliwa kwa lugha ya Babu, ambaye ni ukoo mwingine kabisa wa prosesa. Hawa wa ARM hawamwelewi hata salamu. Basi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiandaa programu upya kwa lugha yao. Ya pili ni kuiwekea mashine mkalimani, yaani programu inayotafsiri kila agizo la Babu papo kwa papo, moja baada ya jingine. Inafanya kazi, ila kwa kusuasua, maana mkalimani naye anataka nguvu zake.

Siafu nimemwandalia upya, kwa upendo, mchana kutwa. Fahali nimemwekea mkalimani.

Si uongo. Hakuna aliyeniuliza. Shemeji amenikuta namalizia, akaniletea maji ya baridi, akanishukuru kwa kumsaidia na mashine yake. Nikayanywa. Maji hayana kosa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya jaribio rasmi. Mkurugenzi amekuja na kiti chake mwenyewe. Mashine zote mbili kwenye betri, kila moja na mita yake ya umeme ubavuni. Ndani ya chumba baridi ya ajabu. Nilikuwa nimesimama makusudi chini kabisa ya kiyoyozi, ili nizoee.

Kwanza tukazimwagia maombi madogo madogo, maelfu kwa mpigo, kama wateja wanavyofanya kila siku. Huyu anafungua ukurasa wa shule, yule anatafuta jina la mgonjwa. Siafu akamwagika! Kila kiini na ombi lake, kimya kimya, mita haikutikisika. Fahali akaanza kuhema, feni yake ikalia kama mbu. Nikamtupia shemeji jicho la huruma.

Halafu ripoti ya mwisho wa mwezi. Nilijua mkalimani atammaliza. Lo! Fahali akatangulia tena. Si kwa mbali, lakini akatangulia. Na mkalimani mgongoni!

Ingeishia hapo ningesema ni sare na kutafuta mbinu nyingine. Lakini shemeji hakuridhika na joto la mashine yake. Akachungulia programu zinazoendeshwa ndani yake, akakunja uso, akageuka akanitazama. Roho ikaniruka. Akatangaza mbele ya Mkurugenzi kwamba Fahali kakimbia mbio zote amebebeshwa mkalimani. Nikaanza kuutafuta mlango kwa macho. Kumbe anatabasamu! Akasema shemeji yake ni mtu wa haki, mashine ya nduguye ameipa mtihani mgumu makusudi, asije akaonekana anapendelea familia. Mkurugenzi akanipa mkono. Nikaupokea, ningefanyaje?

Alasiri shemeji kaiandaa programu upya kwa lugha ya Fahali, tukarudia. Habari za mbio hizo sitaki kuziandika. Mkurugenzi alisema "Haya!" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu. Kama si mkalimani wangu, asingeshangaa kiasi kile. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Chakula cha jioni nimekula kidogo. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni uchovu wa kutenda haki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na wazo! Kasi si kitu. Joto ndilo kila kitu. Fahali akiwa kazini unaweza kukaushia soksi mgongoni mwake. Siafu hana hata feni. Hana! Kazaliwa hivyo.

Kikao kilikuwa asubuhi. Shemeji akasema yake kwa ufupi, kwa adabu, na alikuwa akielekea kushinda. Ndipo nikamwomba Mkurugenzi aweke kiganja juu ya Fahali, kisha juu ya Siafu. Akaweka. Nyusi zikampanda. Nikaona upenyo.

Nikasema wateja wetu huomba kazi nzito mara moja tu kwa mwezi, na ripoti ya mwisho wa mwezi hata ikichukua asubuhi nzima hakuna anayekufa. Siku nyingine zote wanachotaka ni vitu vidogo vidogo, na kwa vitu vidogo Siafu hana mpinzani. Nikasema umeme ukikatika, Siafu atakuwa bado anadunda kwenye betri wakati Fahali ameshalala. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akasema hilo la betri ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Yote hayo yalikuwa kweli, na yalitosha. Lakini ulimi ukishaonja sukari hauachi.

Nikasema Siafu ni mashine ya kukaa popote! Mwekeni jikoni, mwekeni stoo na mifagio, mwekeni chini ya bati kama mimi, hatajua. Joto halimtishi. Upepo hautaki. Kiyoyozi hakihitaji hata kidogo, kwake yeye ni anasa tupu.

Mkurugenzi akaniuliza kama nina hakika na hilo la kiyoyozi. Nikamwambia naapa. Akaniomba nirudie ili shemeji naye asikie vizuri. Nikarudia kwa sauti zaidi, na kwa mikono. Akaangalia dari, akatabasamu.

Siafu kachaguliwa! Mimi ndiye Msimamizi wa Chumba cha Seva! Nahamia Jumatatu. Shemeji kanipongeza kwa moyo mweupe, jambo lililoniudhi kidogo. Nilitaka aumie japo kwa dakika chache.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda kwa mama mkwe. Nilimkuta anamalizia sweta la buluu, zito, zuri, analomfumia mwanawe. Nikakaa karibu naye. Nikamweleza kuhusu cheo. Nikamweleza kuhusu baridi ya chumba cha seva, namna inavyopenya mbavuni, na kwamba Msimamizi hakai mle saa moja bali kutwa. Nikakohoa kidogo. Nikaongeza kwamba mwanawe kule mapokezi anatiririka jasho, maskini, sweta litamwongezea mateso tu.

Mama mkwe ana huruma. Akanipimia mabegani pale pale, akasema, "Chukua baba, usije ukaniachia binti yangu mjane." Mikono ya sweta ni mirefu, kwa sababu shemeji ana mikono mirefu. Nimeikunja mara mbili. Inapendeza.

Njiani mke wangu kaniuliza swali lisilo na kichwa wala miguu. Eti kama mashine yenyewe haipati joto, kiyoyozi kitabaki mle cha kazi gani? Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi. Akasema sawa. Akageukia dirishani, na nilimwona akitabasamu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoka nyumbani nimevaa sweta. Jua linawaka. Watu wananitazama barabarani, mmoja kaniuliza kama nina homa. Wacha watazame.

Nimefika, mlango wa chumba changu uko wazi. Fundi wa viyoyozi yuko juu ya ngazi. Nikajua Mkurugenzi ameagiza kisafishwe kwa heshima ya Msimamizi mpya, nikamshukuru fundi kwa niaba yake. Fundi akaniomba nishike upande mmoja maana ni kizito. Nikashika. Tukakishusha pamoja. Tukakibeba pamoja koridoni, mimi natangulia kinyumenyume, sweta limeniganda mgongoni. Tulipofika mapokezi ndipo nilipouliza tunakipeleka wapi.

Hapo hapo. Juu ya meza ya shemeji.

Mkurugenzi alitoka kuja kunipongeza. Amesema wateja wamelalamikia joto la mapokezi miaka nenda rudi, naye hakuwa na la kufanya kwa sababu Babu alikihitaji kiyoyozi. Mpaka nilipomfumbua macho. Akanirudishia maneno yangu yote, la anasa tupu likiwemo, na mikono akaitumia kama nilivyoitumia mimi. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakanipigia makofi. Mzee mmoja kaniombea dua.

Chumba changu nimekiona. Siafu yuko kwenye rafu, pembeni, amepoa. Nafasi iliyobaki imewekwa mifagio, ndoo na viti vilivyovunjika miguu, kwa kuwa nilisema mwenyewe kwamba hatajali. Katikati ni meza yangu. Dirisha halipo. Lilikuwepo, tukaliziba kwa mbao zamani ili baridi isitoroke. Niliziba mimi, na nilipiga misumari ya kutosha.

Ufunguo nimepewa. Ni mzuri, una kamba nyekundu.

Jumanne, 11 Machi

Nisiwe mwongo, leo imekuwa siku njema. Umeme ulikatika asubuhi. Zamani hapo Babu angeshazima, na sisi tungekuwa tumejificha chini ya meza na simu zetu. Siafu hakutikisika. Nilikaa gizani namwangalia, kitaa chake cha kijani kinapepesa, na nje hakuna simu hata moja inayolia. Zahanati wakaendelea kutafuta wagonjwa wao, shule wakaendelea na matokeo yao. Umeme uliporudi alasiri, Mkurugenzi alisimama koridoni akamwambia kila mtu kwamba hiyo ni kazi ya Msimamizi. Nilifurahi kwelikweli. Nilikuwa nimelowa chapachapa, lakini nilifurahi.

Nikakumbuka kwamba umeme ukikatika kiyoyozi nacho kinazima, nikaenda mapokezi haraka kumwona shemeji anavyotaabika. Alikuwa amefungua dirisha, anakula karanga na wateja, upepo mwanana. Akanikaribisha nikae. Nilikaa kidogo tu, mpaka jasho lilipokauka.

Jioni mama mkwe kapiga simu. Ameambiwa mwanawe anapulizwa baridi kutwa nzima, anapiga chafya mpaka wateja wanamwonea huruma. Sweta lirudi. Mke wangu kalifua, kakunjua mikono yake, na shemeji kaja kulichukua mwenyewe. Limemkaa sawasawa. Alinishukuru kwa kumtunzia.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimempita Babu koridoni. Amefunikwa shuka, anasubiri kuchukuliwa na wauza vyuma. Nikamgusa bega. Na papo hapo, wazo!

Kuna programu chache za zamani, za vyama vya ushirika, ambazo walioziandika walishapotea na hakuna awezaye kuziandaa upya. Zinajua lugha ya Babu tu. Siafu ataziendesha kwa mkalimani, na mkalimani namjua mimi vizuri. Kwa hiyo Babu hawezi kutupwa. Lazima arudishwe, awashwe, akae karibu na Msimamizi wake. Na Babu hajawahi kuishi bila kiyoyozi. Alipo Babu, kiyoyozi kipo. Hata mtoto mdogo anajua!

Namwona Mkurugenzi kesho. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo, kwa sauti na kwa mikono. Ninachohofia ni kitu kimoja tu, asije akamwona Babu ni mzigo, mzee wa kudekezwa. Kwa hiyo nitamsifia. Nitamwambia Babu ni chuma cha kale, mgumu, hajawahi kulalamikia joto hata siku moja. Apewe kona yoyote ile, pale pale kati ya ndoo na meza yangu, hatamsumbua mtu. Nitaapa ikibidi.

Mke wangu nimeshamtuma kwa shemeji akalichukue tena sweta.